Pwani yetu ni dawa, chukua penseli ukakae nayo

Mhariri,

Salaam kutoka Mtwara. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana kuna jambo nimekaa nalo muda sasa. Kila nikikaa na watu hapa mjini nasikia wimbo ule ule, huku kusini hakuna pa kutoka, wikendi hakuna pa kwenda, vijana wanasema wamechoka wanataka Dar, na wakubwa wakitoka kazini ni simu na baa basi. Na wote hao wanakaa mwendo wa bodaboda ya buku tu kutoka baharini! Mi nachotaka kusema ni hiki: chukua penseli na daftari, nenda sehemu ya pwani ambayo bado haijajengwa, kaa chini, uchore unachokiona mbele yako. Kichwa kitatulia. Nasema kitu ninachokiishi mwenyewe.

Mi ni karani kwenye ghala la korosho. Anayeujua msimu anajua, kuanzia Oktoba minada ikianza hakuna kupumua, magunia yanaingia, mizani, stakabadhi, foleni ya magari, halafu anakuja mkulima malipo yake hayajaingia na hasira zote anazimalizia kwako wewe uliyekaa dirishani, na ukimsikiliza unaona ana haki, hela ni yake, ila wewe huna la kumfanyia. Jioni narudi nyumbani namba bado zinatembea kichwani, kilo, gunia, kilo, gunia, watoto wananiongelesha naitikia tu ndio ndio. Usingizi ukawa wa taabu. Wenye kazi kama hizi, manesi, walimu, madereva wa malori, wanajua naongelea nini.

Kuchora kuliniingia kupitia mwanangu. Walimpa kazi ya shule achore mazingira ya pwani, nikampeleka ufukwe wa Shangani maji yamepwa, na mi nikachukua karatasi nikawa nachora pembeni yake ili kumpa moyo. Yeye alimaliza akaenda kukimbizana na kaa, mi nikabaki na lile jiwe mpaka giza likaingia.

Lile jiwe nilieleze kidogo maana watu wanapita pale kila siku hawalioni. Mawe ya pwani yetu mengi ni matumbawe ya zamani sana, yaani viumbe wale wadogo wa baharini waliojenga miamba kipindi ambacho bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo leo, bahari ikashuka ikaacha miamba nje. Maji yanakuja yanalila jiwe kwa chini, kila siku, kila siku, mpaka linabaki na kiuno chembamba na kichwa kipana kama uyoga. Sasa ukikaa kulichora unaanza kuona, juu ni jeupe la kijivu lina ncha kali zinakata mguu, katikati kuna mstari mweusi kabisa unaokuonyesha maji yanapofika yakijaa, chini ya huo mstari kuna vikombe vidogo vidogo vimeng'ang'ania, kisha kivuli, na ndani ya kivuli kuna kijani ambayo huwezi kuiona mpaka umekaa muda mrefu macho yakazoea. Ukilisogelea unakuta sura za matumbawe zimebaki humo humo ndani ya jiwe, mistari ya nyota na mistari ya vichanuo. Penseli ndo inakulazimisha uone vyote hivyo, maana huwezi kuchora usichokiangalia. Na muda wote unaoangalia hivyo huna kilo, huna gunia, huna mtu dirishani.

Najua kuna watakaosema hizo ni hisia za mwanamke mmoja wa Mtwara. Sawa, ila wako wataalam waliopima. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel kule Marekani walitoa matokeo yao, waliwachukua watu wazima 39, wakawapa dakika 45 za kuchora au kufinyanga udongo au kubandika karatasi vile kila mtu anavyotaka, wakawapima mate kabla na baada kuangalia kortisoli, ile homoni inayopanda mwilini mtu akiwa na stresi. Kwa karibu asilimia 75 ya watu wale ilishuka. Na cha kunifurahisha zaidi ni kwamba aliyewahi kuchora na ambaye hajawahi hawakupishana sana, kwa hiyo ule msemo wa "mi sina kipaji" hapa hauna kazi. Na hao walikuwa ndani ya chumba. Sisi tuna Bahari ya Hindi!

Tena bahari yenyewe inafundisha namna ya kuichora kama uko tayari kusubiri. Cha kwanza ni upeo, ule mstari ambapo maji na mbingu vinakutana. Siku zote uko usawa wa macho yako, ukikaa chini unashuka na wewe, ukisimama juu ya mwamba unapanda na wewe. Ukishauweka mstari wako umenyooka, vingine vyote vinapata pa kukaa, ngalawa, kisiwa, mtu anayetembea kwenye maji mafupi. Cha pili ni maji kupwa na kujaa, kama saa sita yanaenda na kama saa sita yanarudi, kwa hiyo mchoro wako una muda wake, ukianza maji yakiwa nje hutamaliza yakiwa nje, na hiyo ndo raha yake, unachagua kitu kimoja unashikamana nacho vingine unaviacha vipite. Wakati wa bamvua, mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji yanatoka mbali mno na kila kitu kinabaki wazi, majani ya bahari, mashimo, mchanga wenye mistari, na akina mama wanaenda kuchokoa pweza na chaza. Mi hiyo ndo taimu yangu. Maji mafu, yale yasiyotoka mbali, hayana mambo mengi, nachora mawingu tu.

Wimbi ni kitu kigumu kuliko vyote nilivyowahi kuchora. Halikai. Nilichogundua ni kwamba ukiliangalia moja huambulii kitu, inabidi uyaangalie mengi bila kugusa karatasi, mpaka unaanza kujua kwamba linainuka wapi, linapinda wapi, povu linaanzia wapi, ndo unachora lile unalolikumbuka. Na mtu akikaa anaangalia mawimbi hivyo, pumzi yake yenyewe inafuata. Hilo mtu ajaribu mwenyewe.

Wakati mwingine watu wanakuja kukaa na wewe, na hii nayo ni sehemu ya utulivu wenyewe. Pale Mikindani nilikuwa nachora ngalawa imeegeshwa, mzee mmoja mvuvi akasimama nyuma yangu kimya, nikamwambia shikamoo babu, akaitika marahaba mwanangu, kisha akachuchumaa akaanza kunionyesha kwa kidole kwenye karatasi, hii foromali, mti unaobeba tanga, inakaa hivi, hii kamba ni demani ndo unayoishika tanga likijaa upepo, hapa upepo wa kusi ukikukuta umelala unapinduka. Nikawa nachora huku ananisimulia pepo za msimu, kusi na kaskazi, kwamba kusi bahari inachafuka inakuwa ya kijivu na kijani, wavuvi wa vyombo vidogo wengi hawaendi mbali, na kati ya kusi na kaskazi kuna kipindi bahari inalala, na kwa mchoraji hicho ndicho kipindi cha rangi. Ni shule ambayo hainunuliwi. Wazee hawa wapo, na wanapenda sana kuulizwa.

Mikindani kuna mikoko pia, na ningependa kila mtu mwenye mawazo mengi aende akachore mikoko. Kuna mchu, ule unaotoa mizizi juu, vijiti vidogo vidogo vimesimama kwenye tope vinavuta hewa, na kuna mkoko wenyewe wa mizizi ya kupinda inayotoka kwenye shina inaingia kwenye maji. Mtu anajaribu kufuata mzizi mmoja kwa penseli kutoka juu mpaka unapozama, unakatishwa na mwingine, unarudi, unafuata tena. Siku moja mvua kidogo ilikuwa imenyesha, ndege yangeyange mweupe akaja akasimama humo ndani, kati ya ile mizizi myeusi, nikaacha karatasi wazi bila kuipaka kitu ili yeye awe mweupe. Ule mchoro nimeutundika juu ya kitanda.

Kwa wanaopenda kwenda mbali kidogo, kuna Msimbati, unapita Madimba unaenda zako mpaka unakuta mchanga mweupe unaoishia mbali kabisa na miti ya mivinje inayolia upepo. Huko ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, ina kilomita za mraba 650 na kasa wanapanda kutaga huko. Kati ya Julai na Oktoba hivi ndo msimu wa nyangumi kupita pwani yetu, na ukiwa na bahati unaona mgongo au pumzi yake juu ya maji. Kuelekea mdomo wa Ruvuma wakati wa mvua maji ya mto yanaingia ya kahawia kwenye bahari ya bluu, na Msumbiji iko hapo ng'ambo. Lindi nao wana ghuba yao nzuri, mto Lukuledi unaingia pale na Kitunda iko upande wa pili, ukikaa upande wa mjini asubuhi unachora mitumbwi inayovuka, unakuwa na milima nyuma yake, kitu ambacho sisi Mtwara hatuna. Na asiye na nauli ya huko kote avuke tu na kivuko aende Msangamkuu.

Sisemi bahari ni ya upole. Wazee wa Lindi waliosimuliwa na wazazi wao wanajua kimbunga cha Aprili 1952 kilifanya nini mji ule. Na sisi wa sasa tunakumbuka Aprili 2019, Kimbunga Kenneth, tulivyoambiwa tutafute sehemu salama, mji wote tumbo joto, mwisho kikapiga kwa wenzetu wa Cabo Delgado, Msumbiji, na wengi hapa tuna ndugu kule. Baada ya siku zile nilienda ufukweni na daftari nikiwa na hofu bado, sikutaka hata kuangalia maji, nikachora kitu kidogo tu, gogo lililokuwa limetupwa juu ya mchanga, nikachora nyufa zake moja moja. Mkono ulianza ukitetemeka. Nikamaliza gogo ndo nikaweza kuinua uso kuangalia bahari. Kuchora kulinisaidia kukaa karibu na kitu kikubwa kuliko mimi bila kukikimbia, na huo ndo utulivu ninaouongelea mimi, haumaanishi kwamba hakuna cha kuogopa.

Na isije ikaonekana hili jambo ni la kizungu, maana nalo nalisikia, "unajifanya mtalii". Watu wa pwani hii wamechora bahari yao tangu zamani. Nendeni Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, magofu yaliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, kwenye plasta ya kuta za zamani kuna michoro ya vyombo, mtu amekwaruza na kitu chenye ncha, mlingoti, tanga, kamba. Jina lake hatulijui. Alikuwa na ukuta tu na msumari au kisu, na bahari kichwani. Na Edward Saidi Tingatinga, ambaye jina lake limekuwa jina la mtindo mzima wa uchoraji unaojulikana dunia nzima, alizaliwa huku huku kusini, upande wa Tunduru, mwaka 1932, hakusomea uchoraji popote, alipoanza mwaka 1968 pale Dar alikuwa anatumia rangi za kung'aa za kawaida za dukani kwenye vipande vya hardibodi. Wamakonde na vinyago vyao vya mpingo sina haja hata ya kueleza. Sisi ndo tunaoona aibu kukaa na daftari ufukweni!

Gharama nayo isiwe sababu. Penseli ya kawaida ya shule inatosha, ukipata na moja laini ya 2B umekamilika, wembe wa kuchongea, na kaunta buku, au karatasi za A4 zilizochapwa upande mmoja ambazo maofisini zinatupwa kila siku. Kipande cha mkaa cha jikoni kinachora kivuli cha mwamba vizuri ajabu, unasugua na kidole. Watoto wana rangi za maji za dukani, waambieni waloweshe brashi kwenye maji ya bahari yenyewe, chumvi ikikauka juu ya karatasi inaacha vidoa vidoa vyeupe ndani ya rangi, wangu wakiona hivyo wanapiga kelele za furaha. Nenda asubuhi au kuanzia saa kumi jioni, mchana jua linafuta vivuli vyote na linaumiza kichwa. Simu iache kwenye mfuko. Picha ya simu utapiga kwa sekunde moja na hutaikumbuka, mimi nina picha mia za Shangani kwenye simu na sijui niliona nini siku hizo, ila michoro yote nakumbuka upepo ulikuwa unatoka wapi.

Sasa linalonikera. Sehemu hizi zinapungua. Mtu anaenda pale alipokaa mwezi uliopita anakuta seng'enge, au mawe ya msingi, au rundo la takataka, chupa na pampasi za watoto mpaka kwenye mizizi ya mikoko. Mikoko inakatwa kwa mkaa na nguzo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inasema shughuli za kudumu za binadamu zisifanyike ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, watu wengi hawaijui hiyo, na anayeijua anaona ni ya kulinda mazingira tu. Mi naiona ni ya kulinda na vichwa vyetu. Hizo mita 60 ndo mahali ambapo karani, mama ntilie na mwanafunzi wa kidato cha nne anayeogopa mtihani wanaweza kukaa bure bila kuulizwa umekuja kufanya nini hapa. Wahusika wa ardhi na mazingira Mtwara na Lindi, tunaomba hizo mita zilindwe kweli kweli, sipingi hoteli wala ajira, hoteli zijengwe nyuma ya huo mstari na wageni wao watembee kidogo, watafurahi zaidi.

Na walimu wetu, najua mna watoto wengi darasani na vifaa hakuna, ila shule nyingi za Mtwara, Mikindani, Lindi, Kilwa ziko karibu na maji, kipindi kimoja cha kuchora mkakifanyie ufukweni maji yakiwa yamepwa, kila mtoto achague kitu kimoja, konokono, kamba ya mtumbwi, jani. Siku hiyo sayansi nayo watakuwa wameisoma. Na mzazi mtoto akirudi na mchoro badala ya kumuuliza kama kuchora kutamlisha, muulize hiki ulichochora ni nini, ulikiona wapi, kinaishije, uone atakavyoongea.

Mhariri, nina ombi moja kwenu. Gazeti lina kurasa za michezo nyingi tu, na ni sawa, ila tengeni hata robo ukurasa mara moja kwa mwezi muweke michoro ya wasomaji kutoka pwani, kuanzia Moa kule Tanga mpaka Msimbati, ya penseli, ya kalamu ya wino, ya mkaa, na chini yake mtu aandike mahali alipokaa. Watu wakiona jirani yao ametoka gazetini na mchoro wa Mchinga au wa Sudi watatoka majumbani. Nimeambatanisha mmoja wa kwangu, mikoko ya Mikindani maji yakianza kurudi, karatasi ina doa la maji upande wa kulia lakini inaonekana vizuri. Mkikosa nafasi ya kuutoa siwalaumu, ila hiyo robo ukurasa naomba mkaijadili.

Msomaji wenu,
karani wa korosho,
Mtwara Mjini